Nani aguse swichi? Historia fupi ya makundi ya SNMP, kutoka Garissa

Leo naandika nikiwa Garissa, joto ni lile lile, feni inapuliza hewa ya moto. Nataka tuongee jambo ambalo mafundi wengi hulipita mbio: makundi ya watumiaji kwenye swichi, yaani nani anaruhusiwa kuisoma kutoka mbali na nani anaruhusiwa kuibadilisha.

Kwa nini kutoka mbali? Kutoka Nairobi hadi hapa ni zaidi ya kilomita 350, na Dadaab iko karibu kilomita 100 mbele. Oktoba 2011 wafanyakazi wawili wa MSF walitekwa nyara kule kambini, na minara ya simu ya Kaskazini Mashariki imeshambuliwa mara nyingi tangu hapo. Fundi hawezi kufunga safari hiyo kwa sababu taa moja ya swichi imezima. Anaiuliza swichi yenyewe akiwa ofisini, kwa SNMP.

SNMP ilitangazwa Agosti 1988 katika RFC 1067, kazi ya Jeffrey Case na wenzake watatu. Ulinzi wake ulikuwa wa kuchekesha kidogo. Ulituma "neno la jumuiya", na swichi ikilitambua ilikujibu. Vifaa vingi vilitoka kiwandani na neno "public" la kusoma na "private" la kuandika, na maneno hayo yalisafiri wazi kwenye waya, yeyote anayesikiliza aliyaona. Swichi haikujua wewe ni nani, ilijua neno tu. Msiwalaumu sana waliobuni, intaneti ya siku hizo ilikuwa ya vyuo na maabara, watu waliofahamiana.

Mwaka 1993 likaja toleo la pili lenye ulinzi mzito mno, watu wakalikataa. Kufikia 1996 wengi walikuwa wamerudi kwenye neno la jumuiya kupitia toleo la 2c. Februari 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oulu, Finland, wakaonyesha kwamba vifaa vya kampuni nyingi vingeweza kuangushwa kwa pakiti mbovu za SNMP. Desemba mwaka huo toleo la tatu likakamilika kuwa kiwango rasmi, na makundi yakaelezwa katika RFC 3415 ya Wijnen, Presuhn na McCloghrie.

Sasa tuje Dadaab, maana huko ndiko jambo hili linapata uzito. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilianza 1991 na 1992 kwa ajili ya watu 90,000. Njaa ya 2011 ilipofika zilikuwa na zaidi ya 400,000. Mashirika yalikuwa mengi, na mengi yao yalitegemea setilaiti, kila moja kivyake. NetHope, Inveneo na Cisco wakajenga mtandao wa pamoja, DadaabNet, wa kuziunganisha ofisi hizo. Mtandao wa pamoja wa namna hii huzaa swali moja: shirika hili lione nini kwenye vifaa vinavyobeba data ya shirika lile? Mwenye ruhusa ya kuandika anaweza kuzima poti kwa amri moja, na nyuma ya poti hiyo huenda kuna zahanati.

Jibu la toleo la tatu ni kwamba ruhusa hapewi mtu, hupewa kundi. Kundi lina mwono, yaani sehemu ya swichi linayoruhusiwa kuisoma au kuiandika, na kiwango cha ulinzi. Kwenye Cisco ni hivi:

snmp-server view HALI 1.3.6.1.2.1.2 included
snmp-server group WATAZAMAJI v3 priv read HALI
snmp-server user mtazamaji WATAZAMAJI v3 auth sha NYWILA1 priv aes 128 NYWILA2

Hapo mtazamaji ataona hali ya poti tu, nywila yake haisafiri wazi, na hawezi kuandika chochote.

Kuna kanuni moja zaidi: chini ya mfumo mmoja wa usalama, jina moja huingia kundi moja tu. Huku kwetu kanuni kama hiyo inauma. Wakenya Wasomali, ambao mwaka 1989 serikali iliwachuja na kuwapa kadi maalumu, wengine wao walijiandikisha Dadaab kama wakimbizi miaka ya ukame ili wapate chakula. Walipoomba kitambulisho, alama zao za vidole zikasema ni wakimbizi. Maelfu wakakaa miaka bila kipande, hata laini ya simu shida! Januari 2025 Mahakama Kuu ya Garissa iliamua kwamba haki zao zilikiukwa. Kwenye swichi, kumhamisha mtu kundi ni kazi ya dakika moja.

Mambo mawili kabla hamjaenda kujaribu. Ukiunda kundi bila kutaja mwono wa kusoma, Cisco hulipa karibu kila kitu kilichoko chini ya 1.3.6.1, basi taja mwono kila mara. Na swichi nayo ina kitambulisho chake, engineID, ambacho hutumika kutengeneza funguo za watumiaji. Ukikibadilisha, watumiaji wote wa toleo la tatu hukataliwa mpaka uwaandike upya. Grafu zikinyamaza ghafla baada ya kubadilisha swichi, angalia hapo kwanza.