Uhawilishaji wa Mafunzo

Halmashauri ikimpeleka afisa mipango, mhandisi na mtendaji wa kata kwenye mafunzo ya usimamizi wa miradi, ripoti haikawii. Itataja waliohudhuria, waliopata vyeti na walioridhika kwa mujibu wa fomu ya siku ya mwisho. Lakini je, ujuzi huo umefika kwenye mradi? Hilo ndilo swali la msingi katika tathmini, na jambo linaloulizwa lina jina: uhawilishaji wa mafunzo.

Istilahi hii ina maana ya mtu kutumia kazini, na kuendelea kutumia, maarifa na stadi alizopata mafunzoni. Timothy Baldwin na Kevin Ford, katika makala yao ya mwaka 1988, waliweka masharti mawili. Kwanza, ujuzi uvuke mifano ya darasani: aliyejifunza kuandaa mpangokazi kwa mfano wa daraja aweze kuuandaa kwa zahanati. Pili, ujuzi udumu: mwaka wa fedha unaofuata awe bado anauandaa.

Wapo wanaosema “uhamisho wa mafunzo”. Katika utumishi wa umma, uhamisho ni barua inayomtoa mtumishi kituo kimoja na kumpeleka kingine, na ripoti inayosema “uhamisho umefanikiwa” itapotosha wasomaji wake wa kwanza, yaani maafisa utumishi. “Matumizi ya mafunzo” nayo ina kasoro yake, kwa kuwa mhasibu ataisoma kama fedha iliyotumika kulipia ukumbi na posho. Uhawilishaji hauna utata huo, tena si mgeni. Tunasema uhawilishaji wa teknolojia, na kupitia TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania, wananchi wamelizoea neno hilo katika uhawilishaji wa fedha kwa kaya maskini. Zaidi ya hayo, kitenzi hawilisha kina kiambishi cha kusababisha. Ujuzi hauhawiliki wenyewe. Lazima awepo wa kuuhawilisha.

Ni nani huyo? Baldwin na Ford walitaja mambo matatu: sifa za mshiriki, muundo wa mafunzo na mazingira ya kazi. Tathmini zetu humkabili mshiriki, zikamgusa mkufunzi, kisha zikaiacha ofisi. Afisa hurudi akiwa amejifunza kuandaa daftari la vihatarishi, akakuta mkuu wake wa idara hajawahi kuliomba wala kikao cha menejimenti hakina nafasi ya kulijadili. Mwingine hukabidhiwa majukumu yasiyohusu miradi kabisa. Hapo ni dhuluma kuandika kwamba mtumishi hakuelimika. Kilichokosekana ni uhawilishaji, na mwenye deni ni ofisi.

Mahali pa istilahi hii katika tathmini panajulikana. Tangu mwaka 1959, Donald Kirkpatrick alipoanza kuchapisha makala zake, tathmini ya mafunzo hupangwa katika ngazi nne: mwitiko wa washiriki, kujifunza, mwenendo kazini na matokeo. Uhawilishaji huonekana katika ngazi ya tatu, na ushahidi wake umo katika majalada. Chukua jalada la mradi wa kabla ya mafunzo na la miezi sita baadaye, uyalinganishe. Je, mpangokazi ulirekebishwa vifaa vilipochelewa, au ulibaki vilevile tangu siku ya kusainiwa? Je, taarifa ya maendeleo inalinganisha kazi iliyofanyika na fedha iliyolipwa? Je, kamati ya ujenzi ilipewa nakala ya ratiba?

Ngazi ya nne ihukumiwe kwa uangalifu zaidi. Jengo la darasa linaweza kuchelewa kwa sababu fedha zilichelewa kutoka Hazina au bei ya saruji ilipanda, hata kama msimamizi alifanya yote aliyofundishwa. Vivyo hivyo, mradi unaweza kukamilika kwa wakati bila mchango wowote wa mafunzo. Mtathmini anayeruka kutoka cheti hadi jengo bila kuchunguza uhawilishaji hawezi kutofautisha hali hizo.

Kwa hiyo barua ya kumruhusu mtumishi kwenda mafunzoni itaje kazi atakayofanya tofauti akirudi, na mkuu wake aisaini pia. Tathmini ikifika, wote wawili waulizwe.