Oksijeni ya Ziwa Tanganyika na Namna Inavyopimwa kwa Mwanga

Ziwa Tanganyika, ilikoishia njia ya kale ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, lina kina cha mita zipatazo 1,470. Hata hivyo, samaki hawaishi katika kina chote hicho. Oksijeni hupatikana katika tabaka la juu pekee, takriban mita 100 upande wa kaskazini na karibu mita 200 upande wa kusini. Chini ya hapo maji hayana oksijeni. Dagaa wa Kigoma wanaoliwa mkoani Tabora, kuanzia mjini hadi Ziba wilayani Igunga, hutoka katika tabaka hilo. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2003 zilionesha kuwa kuongezeka kwa joto kumepunguza kuchanganyika kwa maji ya juu na ya chini.

Kwa muda mrefu oksijeni ilipimwa kwa njia ya Winkler ya mwaka 1888, ambapo maji huchotwa kwa chupa na kutiwa kemikali. Ni njia sahihi, ila ya polepole. Vihisi vya kisasa hutumia rangi yenye platinamu au rutheniamu, ambayo ikimulikwa hutoa mwanga wake yenyewe, kwa kawaida mwekundu. Molekuli ya oksijeni ikiigusa huinyang'anya nishati, na mwanga hufifia na kuzimika mapema. Kwa maneno mengine, mwanga hafifu huashiria oksijeni nyingi, jambo ambalo huwachanganya wengi mwanzoni. Tofauti na elektrodi za zamani, kihisi hiki hakili oksijeni kinayoipima.

Hatua iliyofuata ni kuiweka rangi hiyo pamoja na oksidi ya chuma ndani ya chembe za plastiki. Mchanganyiko huo huitwa nanokompoziti, kwa kuwa viambato vyake hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita. Sumaku huzikusanya chembe hizo mahali pamoja kwenye ukuta wa chombo, mwanga wake ukasomeka vizuri zaidi. Matumizi yake bado ni ya maabara, hasa katika vyombo vidogo vya kukuzia seli. Ziwani hushushwa kifaa chenye rangi hiyo kwenye utando wake.

Serikali ilisitisha uvuvi katika ziwa hilo kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, 2024 ili samaki wazaliane. Usitishaji huo huwapumzisha samaki dhidi ya nyavu, lakini hausogezi mpaka wa oksijeni, hivyo takwimu za uvuvi hazina budi kusomwa pamoja na vipimo vya maji.