Tarehe ya Ala: Sindano, Cherehani na Mshono wa Ngozi

Palipo na kisu pana ala, lakini tarehe zetu hukisifu kisu na kuisahau ala. Mfua chuma hutajwa kwa ukoo wake, upanga hurithiwa na kuhesabiwa katika mali, na aliyeshona ngozi ya kuuhifadhi hatajwi na mtu. Maelezo haya ni ya kazi yake. Hukumu yangu naitoa mapema: cherehani ilimshinda mshona nguo wa mkono, ikamshinda na mshona viatu, ila mshona ala bado ana hoja ya kuikataa.

Mwaka 1991 watembea milimani waliukuta mwili wa mtu uliogandishwa na barafu kwenye milima ya Alps, mpakani mwa Austria na Italia. Wataalamu wakamwita Ötzi, wakakadiria kwamba amelala hapo kwa miaka 5,300 hivi. Miongoni mwa vitu vyake kulikuwa na kisu kidogo cha jiwe la gumegume pamoja na ala yake ya umbo la pembetatu. Ala hiyo ilisukwa kwa nyuzi za gome la mti, na nguo zake za ngozi zilishonwa kwa kano za wanyama. Basi binadamu wa wakati huo alikwisha kujua mambo mawili: kisu kisichovikwa humkata mwenyewe, na ngozi hushoneka.

Katika London ya zama za kati, kisu kimoja kilipita mikononi mwa mafundi kadhaa. Mmoja alifua bapa, wa pili alitia mpini, wa tatu alishona ala, kisha mtengeneza visu akakusanya vyote na kuviuza. Chama cha watengeneza visu wa mji huo kilipewa hati ya kifalme na Henry V mwaka 1416. Mshona ala alikuwa fundi mwenye kazi yake, hakuwa kibarua wa mfua chuma.

Pwani yetu, mji uliosifika kwa ngozi ni Siyu, katika kisiwa cha Pate. Karne ya 18 na ya 19 Siyu ulikuwa mji wa mafundi: wafua chuma, wachonga mbao, washona viatu vya ngozi na wanakili wa Misahafu. Mmoja wa Misahafu hiyo iliyopambwa kwa wino wa rangi umehifadhiwa leo Fowler Museum, Los Angeles. Jalada, kiatu na ala ni kazi za ukoo mmoja. Zote zinataka ngozi iliyosindikwa vizuri, uzi uliopakwa nta na mkono usiotetemeka. Waomani nao walikuja na jambia lao, ambalo ala yake ni mbao iliyovikwa ngozi na kupambwa kwa nyuzi za fedha. Mwaka 2022 UNESCO iliuingiza ufundi wa jambia la Oman katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Bara, ala inayojulikana zaidi ni ya sime. Wamaasai walikuwa na wafua chuma wao, Ilkunono. Wapare na Wakamba nao walitajika kwa kazi hiyo. Sime ya Kimaasai ni nyembamba karibu na mpini, kisha hupanuka kuelekea nchani. Kwa umbo hilo haiwezi kutiwa katika mfuko wa ngozi mtupu, maana mfuko utakaoipokea ncha utacheza huku juu. Fundi huchonga vibao viwili vyembamba vinavyolingana na upana wa bapa, huvibana pamoja, kisha huvivika ngozi mbichi iliyolowa maji na kuishona ingali laini. Ikikauka hujivuta na kuvikaba vibao, mshono ukawa mgumu kama ukucha. Ndipo hupakwa rangi nyekundu, hutiwa mkanda, na sime huning'inia kiunoni upande wa kulia. Katika ala hii uzi hufanya nusu ya kazi. Nusu iliyobaki hufanywa na jua.

Ngozi mbichi ina kasoro yake: ikinyeshewa hulegea. Ala isiyo na vibao ndani inataka ngozi iliyosindikwa, na hapa Afrika Mashariki ina sehemu yake katika tarehe. Wakati wa ukoloni, magome ya mikoko kutoka Lamu na delta ya Rufiji yalipakiwa melini kwenda kusindika ngozi za Ulaya. Nyanda za juu ulipandwa muwati, mti wenye asili ya Australia, ambao gome lake lina tanini nyingi. Kampuni ya Tanganyika Wattle, maarufu kwa jina la TANWAT, ilianzishwa Njombe mwaka 1949 kwa ajili ya biashara hiyo.

Lakini kabla ya hapo mambo yalikwisha kubadilika Marekani. Mwaka 1884 Augustus Schultz wa New York alipata hataza ya kusindika ngozi kwa chumvi za kromiamu. Kazi iliyokuwa ikichukua majuma na hata miezi katika mashimo ya magome ikawa ya siku chache. Viatu na mikoba vikafuata njia hiyo mpya, na sehemu kubwa ya ngozi tunayovaa leo ni ya kromiamu. Mshona ala hakufuata. Ngozi ya kromiamu ni laini, haishiki umbo, na chumvi zilizobaki ndani yake zinaweza kulitia bapa kutu. Ile ya magome ukiilowesha, ukaiminya kwa vidole juu ya kisu kilichofungwa plastiki, kisha ukaiacha ikauke, hubaki na umbo la kisu hicho, na kisu kikiingia hukaa bila kamba ya kukifunga.

Sasa tuje kwa mashine. Wengi hudhani cherehani ilibuniwa kwa ajili ya kitambaa. Hataza ya kwanza ya mashine ya kushona iliyoandikwa kwa ukamilifu, ya Thomas Saint, seremala wa London, mwaka 1790, ililenga ngozi. Ilikuwa na msumari wa kutoboa kwanza, kisha sindano iliyousukuma uzi ndani ya tundu, kama afanyavyo fundi kwa mikono yake. Michoro yake ilisahauliwa mpaka mwaka 1874, Newton Wilson alipoigundua katika ofisi ya hataza na kuunda mashine kwa kuifuata. Ilibidi airekebishe ndipo ikashona.

Baada ya Saint wavumbuzi walikuja mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1846 Elias Howe alipata hataza ya mashine yenye sindano ya tundu nchani na uzi wa pili chini. Mwaka 1851 Isaac Singer aliisimamisha sindano wima na kuutumia mguu kuiendesha. Mwaka 1858 Lyman Blake alipata hataza ya mashine ya kushona soli, na miaka michache baadaye viatu vingi vya askari katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilishonwa kwayo. Enzi ya fundi wa viatu vya mkono ikaanza kuzama.

Mashine iliyokuja kuwa mwenzi wa fundi viatu vibarazani ni Singer ya aina ya 29K pamoja na nakala zake. Herufi K ni ya Kilbowie, palipojengwa kiwanda cha Clydebank huko Uskoti, ambacho mwaka 1913 pekee kilitoa mashine zaidi ya milioni 1 na kikafungwa mwaka 1980. Mkono wa mashine hii ni mrefu na mwembamba, unaingia hadi ndani ya kiatu. Mguu wake wa kubana ndio unaoisogeza ngozi, nao huzunguka duara zima, hivyo fundi hahitaji kukigeuza kiatu. Anaugeuza mguu tu. Nakala za Kichina za kuzungushwa kwa mkono zinauzwa kwa bei nafuu, na zimewavutia hata wapenda visu wa Marekani na Ulaya wanaotengeneza ala zao wenyewe nyumbani.

Mpelekee fundi mwenye mashine hiyo ala ya kisu uone. Ukingo wa ala una kuta mbili za ngozi, tuseme milimita 3 kila moja, na katikati yake huwekwa ukanda wa tatu ili makali yasiufikie uzi. Jumla ni milimita 9 za ngozi ngumu. Mashine iliyoundwa kwa ngozi ya juu ya kiatu hapo hupinda sindano, au hushona kwa uzi mwembamba usiostahili kazi hiyo. Tatizo jingine ni namna ya mshono wenyewe. Cherehani hutumia nyuzi mbili, mmoja juu na mwingine chini, zinazokabana katikati ya ngozi. Uzi mmoja ukikatwa, mishono ya jirani nayo huanza kulegea.

Hata mkono una namna mbili. Fundi viatu wa mtaani hutumia sindano ya ndoana: huichoma ngozi, huvuta kitanzi cha uzi, kisha hupitisha ncha ya pili ndani ya kitanzi. Hiyo ni kazi ya haraka, lakini mshono wake ni ndugu wa ule wa cherehani. Mshono wa watengeneza matandiko ya farasi ni mwingine. Ukingo hugundishwa kwanza, huchimbwa mfereji mdogo ili uzi ulale chini ya uso wa ngozi, kisha matundu hupimwa kwa uma, milimita 4 au 5 kutoka moja hadi jingine. Uzi wa kitani au wa nailoni uliopakwa nta hukatwa mara nne hivi ya urefu wa mshono, na zaidi ngozi ikiwa nene. Kila ncha ina sindano yake butu. Kila tundu hupitiwa na sindano zote mbili, moja kutoka kushoto na nyingine kutoka kulia, kisha mikono yote miwili huvuta kwa nguvu sawa. Mwishoni fundi hurudi nyuma mishono miwili au mitatu na kukata. Uzi ukikatika upande mmoja, wa upande wa pili bado unashikilia kuta.

Zipo mashine nzito zinazoyaweza haya kwa kiasi chake. Zile za muundo wa Juki TSC-441 hushona unene unaokaribia milimita 19, kwa uzi mnene, na karakana za matandiko na ala huzitegemea kila siku. Bei yake si ya kuchezea, na mshono wake bado ni wa nyuzi zinazokabana, japo ukanda wa kati ukiwekwa sawasawa na uzi ukiwa mnene, ala hiyo hutumika miaka mingi.

Kwa hiyo anayeshona ala za kuuza kila juma anunue mashine nzito, na asiidanganye nafsi yake kwa ile ya kiatu. Anayeshona ala ya kisu chake mwenyewe hahitaji mashine yoyote: atafute ngozi ya magome, aweke ukanda wa kati, atumie sindano mbili na uzi wenye nta. Na ala ikishakamilika, kisu asikiache humo wakati wa kukihifadhi kwa muda mrefu. Ngozi hunywa unyevu, na bapa ndilo hupata kutu.