Hamna, Bado na Hapana: Historia ya Utupu katika Lugha ya JavaScript

Lugha za kompyuta, ijapokuwa zimeundwa na watu kwa makusudi wala hazikuzaliwa vinywani mwa wazee na watoto kama lugha zetu, nazo zina historia. Na mtu mwenye haja ya kuzitafutia istilahi hana budi kuijua historia hiyo, kwa kuwa maneno yake aghalabu hayaelezeki kwa mantiki peke yake. Katika makala haya nakusudia kuchunguza jambo moja dogo la lugha moja, nalo ni namna lugha iitwayo JavaScript inavyotaja kitu ambacho hakipo. Jambo hili lataka kuangaliwa kwa makini, kwa sababu mwandishi wa Kiswahili akikutana nalo hushikwa na tamaa ya kulimaliza kwa neno moja, "tupu", na kwa kufanya hivyo huviunganisha vitu vitatu vilivyozaliwa nyakati mbalimbali, kwa sababu mbalimbali, ambavyo kompyuta yenyewe huvitenga.

Kitu cha kwanza ni thamani iandikwayo "null". Cha pili ni thamani iandikwayo "undefined". Cha tatu hakina neno lake katika lugha hiyo, maana si thamani hata kidogo, bali ni pengo katika safu. Safu ni orodha ya thamani zilizopangwa kwa namba, na namba ya kwanza katika JavaScript ni 0, si 1. Tuchukue mfano wa mwalimu aliyeziweka alama za wanafunzi wake katika safu. Mwanafunzi mmoja alifanya mtihani akapata 0. Wa pili hakuufanya mtihani, na mwalimu akaandika hivyo. Wa tatu aliufanya, ila karatasi yake haijasahihishwa. Na nafasi ya nne haikuandikwa chochote na mtu yeyote, kama pengo katika safu ya meno: jino halipo, lakini ukihesabu nafasi walihesabu. Mwalimu hawezi kuziona hali hizi nne kuwa ni moja, wala mzazi hatakubali.

Asili ya "null" ni ya zamani kuliko JavaScript. Mwaka 1965 mwanachuoni Mwingereza Tony Hoare, alipokuwa akisaidia kuiunda lugha ya ALGOL W, aliingiza rejeo lisiloelekea kitu chochote. Miaka mingi baadaye, mwaka 2009, akihutubia mkutano London, alieleza kwamba alifanya hivyo kwa kuwa lilikuwa jambo jepesi mno kulitekeleza, akaliita kosa lake la dola bilioni moja kwa kufikiria hasara iliyotokana nalo. Desturi hiyo ilienea katika lugha nyingi, ikafika katika lugha ya Java ya kampuni ya Sun Microsystems, iliyotangazwa kwa umma mwaka 1995.

Mwaka huohuo ndipo ilipozaliwa JavaScript. Kampuni ya Netscape, iliyokuwa ikitengeneza kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti, ilimwajiri Brendan Eich mwezi wa Aprili 1995, na mwezi wa Mei aliandika umbo la kwanza la lugha hiyo kwa siku 10. Jina lake la kwanza lilikuwa Mocha, kisha LiveScript, na tarehe 4 Desemba 1995 ikatangazwa kwa jina la JavaScript. Wakubwa walitaka lugha ifanane na Java kwa sura na iweze kusemezana nayo. Yeye mwenyewe alivutiwa na lugha mbili nyingine kabisa, Scheme na Self. Twaweza kusema mtoto alivikwa nguo za jirani kabla ya kupewa jina.

Ugawanyiko wa utupu ulianzia hapo. Lugha hii humruhusu mtu kukitaja kigeu, yaani jina la kuhifadhia thamani, bila kukipa thamani yoyote, na pia kuuliza sifa ambayo haipo. Ilipasa pawe na jibu, na jibu hilo ni "undefined". Lakini kwa ajili ya kupatana na Java ilihitajika pia "null", maana Java haikujua jingine. Basi "null" ikawa na maana ya kwamba hapa palitarajiwa objekti, nayo haipo. Na "undefined" ikawa na maana pana zaidi, kwamba hapana thamani iliyotiwa. Tofauti hiyo ni ya kweli, lakini si wengi watakaoihisi pasipo kuelezwa.

Alama ya haraka ile ingalipo mpaka leo. Ukiiuliza JavaScript, kwa neno "typeof", aina ya "null", hujibu kwamba ni objekti. Hapana mantiki katika jibu hilo; pana historia tu. Katika mtambo wa kwanza kila thamani ilibeba alama ya aina yake katika biti za mwisho, na alama ya objekti ilikuwa sifuri tatu. Nayo "null" iliwakilishwa na neno la mashine lenye sifuri tupu. Mtambo ulizisoma biti za mwisho, ukakuta sifuri, ukajibu: objekti. Baadaye lilitolewa pendekezo la kulisahihisha jibu hilo, likakataliwa, kwa sababu kurasa nyingi zilikwisha kuandikwa kwa kulitegemea.

Safu nazo zilichelewa. JavaScript ya kwanza, iliyotoka na kivinjari cha Navigator 2.0 mwaka 1996, haikuwa na safu za kuundwa kwa amri yake yenyewe. Waandishi walijitengenezea kwa kutumia objekti za kawaida zilizopewa majina ya namba. Amri ya "Array" ilikuja na Navigator 3.0 katika mwaka huohuo. Asili hiyo haikufutika: mpaka sasa safu ya JavaScript, kwa mujibu wa kanuni zake, ni objekti ambayo majina ya sifa zake yaweza kuwa namba, yenye sifa moja ya pekee iitwayo "length", ambayo daima huizidi namba kubwa kuliko zote iliyotumika. Ndipo lilipotoka pengo. Ukitia kitu katika nafasi ya 9 ya safu isiyo na kitu, urefu wake huwa 10, na nafasi tisa za kabla yake hazina chochote, wala hata "undefined" haimo. Ukiuliza nafasi ya 4 utajibiwa "undefined", lakini jibu hilo ni lile apewalo kila aulizaye sifa isiyokuwapo. Hii ndiyo sababu pengo lilijificha kwa wengi: sauti yake ni ya mwingine.

Kuna njia nyingine za kulizaa. Ukiandika [71, , 58], mikato miwili iliyofuatana huacha pengo katikati, ila mkato wa mwisho kabisa hauhesabiwi. Na vivinjari vya Internet Explorer mpaka toleo la 8 viliuhesabu, vikawatesa watu. Ukiifuta nafasi kwa neno "delete", kitu huondoka na urefu hubaki. Na ukiandika "new Array(3)" hupati safu yenye namba 3, bali safu ya urefu wa 3 isiyo na kitu. Ukiandika "new Array(3, 4)" wapata safu yenye 3 na 4. Netscape yenyewe iliona ubaya wa jambo hili. Katika JavaScript 1.2 ya mwaka 1997, ukurasa uliolitaja toleo hilo kwa jina ulipewa safu yenye 3 ndani yake. Matengenezo hayo hayakudumu. Toleo la 1.3 lilirudi katika desturi ya awali. Binafsi naona hapo ndipo ilipopotea nafasi njema kuliko zote, kwa kuwa kurasa za dunia zilikuwa bado chache.

Kanuni za kwanza za lugha zilichapishwa na shirika la viwango la Ecma mwezi wa Juni 1997. Toleo la tatu, la Desemba 1999, ndilo lililoiingiza "undefined" kuwa jina la kuandikwa. Nasema jina, wala si neno lililohifadhiwa, kwa kuwa "null" hakuna awezaye kuligeuza, lakini "undefined" lilikuwa kigeu kama vigeu vingine, na mtu mtundu aliweza kukitia 5. Toleo la tano la Desemba 2009 lilikataza ugeuzaji huo kwa kigeu cha jumla.

Toleo hilohilo la 2009 lilileta amri za kuipitia safu yote, kama vile "forEach", "map", "filter" na "reduce", nazo zote huyaruka mapengo. Toleo la Juni 2015 likaleta nyingine, kama vile "find", pamoja na njia mpya ya kupitia vitu kimoja kimoja, na hizi haziruki: zikikuta pengo huliona kuwa ni "undefined". Tofauti hiyo ilitokana na kubadilika kwa nia. Wanakamati wa 2015 hawakupenda tena kulitambua pengo. Lakini za 2009 hawakuzigusa. Hata leo, ukiuliza kwa "indexOf" kama "undefined" imo katika safu yenye pengo tu, utajibiwa haimo. Ukiuliza kwa "includes", ya mwaka 2016, utajibiwa imo.

Msomaji atauliza, kwa nini hawasahihishi? Sababu ni kwamba kurasa za intaneti haziwezi kukusanywa na kuandikwa upya kama vitabu vya shule. Ukurasa wa 1998 ambao mwenyewe alikwisha kuusahau wapaswa kufunguka leo. Mwaka 2018 kamati ilitaka kuongeza amri ya kunyoosha safu zilizo ndani ya safu, kwa jina la "flatten". Ikaonekana kwamba maktaba ya zamani iitwayo MooTools ilikuwa na amri ya jina hilo, na kurasa zilizoitumia zingeharibika. Kamati, baada ya mabishano mengi, ikachagua "flat", na ndivyo ilivyo tangu 2019. Ikiwa jina jipya lilishindwa na ukurasa wa kale, utupu wa kale utaondolewa na nani?

Nirudi kwa mwalimu wetu, maana kwake jambo hili si la kubishania tu. Tuseme anataka kujumlisha alama. Katika hesabu, JavaScript huigeuza "null" kuwa 0, na "undefined" kuwa thamani iitwayo NaN, yaani isiyo namba, ambayo huiambukiza jumla yote. Pengo, kwa amri ya "reduce", hurukwa kama kwamba halikuwako. Basi aliyekosa mtihani amehesabiwa kuwa amepata 0. Ambaye karatasi yake bado amewaharibia wote. Na pengo halikumdhuru mtu. Ndipo lilipokuwa kosa jingine, la kinyume chake. Kwa miaka mingi waandishi waliotaka kuweka thamani ya badala walitumia alama ya "||", yenye maana ya "au". Lakini alama hiyo huikataa pia 0. Mwanafunzi aliyepata 0 halali aliweza kupewa alama ya badala. Mwaka 2020 ndipo ilipokuja alama ya "??", ambayo hujali "null" na "undefined" tu. Wanaojua asili ya neno letu "sifuri" watatabasamu: limetoka katika Kiarabu "sifr", lililokuwa na maana ya kitu kitupu. Kiswahili kimelipokea likiwa namba kamili, na "??" imefika palepale.

Sasa, istilahi. "Utupu" ni neno pana mno, na lina maana nyingine ambayo mwalimu hatapenda kuitamka darasani. Lakini Kiswahili kina hazina yake. Twasema "hapana" kwa mahali maalumu, "hakuna" kwa mahali pasipo mpaka, na "hamna" kwa ndani ya kitu. Kadhalika twatofautisha "hakuja" na "hajaja", na tofauti hiyo imo katika kitenzi chenyewe. Kwa maoni yangu "null" yafaa iitwe "hamna": chombo kipo, kimefunguliwa, imethibitishwa kwamba ndani hamna kitu. "Undefined" yafaa iitwe "bado": chombo kipo, hakijatiwa. Pengo lina "hapana": mahali penyewe hapana chombo. Najua kwamba katika mazungumzo ya leo wengi husema "hamna" kwa kila jambo, na "hapana" imekuwa neno la kukataa tu. Najua pia kwamba mwandishi wa programu aweza kuitia "undefined" kwa mkono wake, na hapo "bado" hupwaya kidogo. Walakini istilahi zenye kupwaya mahali pamoja ni bora kuliko moja yenye kuzifunika zote.

Mipaka hiyo yenyewe hulindwa ndani ya programu tu. Thamani zinapotumwa kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, aghalabu huandikwa kwa mtindo wa JSON, nao haujui "undefined" wala pengo. Mwalimu akiituma safu yake ya [71, , 58], itafika kwa mpokeaji ikiwa [71, null, 58]. Iliyoondoka "hapana" imefika "hamna", na mpokeaji akijumlisha na kugawanya kwa tatu, wastani wa 64.5 umekuwa 43.