Je, kujua kilichomo kwenye nyota ni kudai ghaibu?



Ndugu yangu katika imani, leo naanza kwa kukiri kosa. Baada ya darsa moja hapa Handeni, kijana wa kidato cha tatu aliniuliza: "Sheikh, tumefundishwa kuwa kuna maji na amonia katika mawingu yaliyo kati ya nyota. Hakuna aliyefika huko. Si kudai ghaibu huko?" Nilikuwa nawahi gari la Korogwe, nikamjibu: "Hayo achana nayo." Akainamisha kichwa. Njia nzima roho ilinisuta, maana nilijibu bila elimu. Jibu alilostahili ni hili.

Ghaibu anaijua Allah peke yake. Lakini si kila kilicho mbali ni ghaibu. Kadhi hakuwepo tukio lilipotokea, na bado anahukumu, kwa kuwa mashahidi wamefika mbele yake. Shahidi wa nyota ni mwanga wake.

Tupa chumvi kwenye moto wa kuni, utaona ulimi wa njano. Hiyo ni alama ya sodiamu. Kila elementi ina rangi zake, kama alama za vidole. Mwaka 1814 Mjerumani Joseph Fraunhofer alipitisha mwanga wa jua kwenye kioo cha pembe tatu, akaona mistari mingi myeusi katikati ya rangi. Mwaka 1835 mwanafalsafa Mfaransa, Auguste Comte, akasema binadamu hatajua kamwe nyota zina nini ndani yake. Haikupita miaka 25, Kirchhoff na Bunsen wakathibitisha kuwa mistari ile ni alama za elementi, sodiamu ikiwemo.

Molekuli nazo zina alama zao, nyingi katika mawimbi ya redio. Kwa alama hizo, kati ya 1968 na 1969, kundi la Charles Townes kule Marekani lilitambua amonia na mvuke wa maji katika mawingu ya angani.

Utasema shahidi mmoja hatoshi. Wa pili aliangukia nchini kwetu. Tarehe 16 Desemba 1938, jiwe lilianguka kutoka angani huko Ivuna, kusini mwa Ziwa Rukwa. Yaliokotwa takriban gramu 700. Lilipopimwa maabara, uwiano wa elementi zake ulikaribiana sana na ule wa jua uliosomwa kwenye mwanga, ukiacha gesi nyepesi kama hidrojeni na heliamu. Ndani yake mna maji yaliyofungika kwenye madini, na asidi za amino. Leo mawe ya aina hiyo duniani yanaitwa CI. Hiyo I ni ya Ivuna.

Jiwe na mwanga havikukaa kikao kupanga maneno, na vimesema jambo moja.

Basi tusikatae ushahidi kwa jina la dini, wala tusiipambe dini kwa ushahidi wa kubuni. Jua lilipopatwa siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume ﷺ, watu waliunganisha mambo hayo mawili. Mtume ﷺ akawakatalia, ingawa msiba ulikuwa wake.

Mzazi, ustadhi, mtoto akikuuliza usilolijua, sema "sijui", kisha mtafute mjuzi. Na wewe kijana wa Handeni, nisamehe. Darsa ijayo njoo na swali jingine. Gari la Korogwe litanisubiri.

Wallahu a'lam.