Kokoto Zimejenga Mji, Mashimo Yamebaki Kwetu

Ndugu wana-Likombe, mlio nyumbani na mlio mbali,

Tukiisimulia historia ya Mtwara huanza na bandari, reli na korosho. Mara chache tunaisimulia kwa mawe. Lakini kila kilichojengwa kwetu kilianza na ardhi kuchimbwa mahali fulani, na ardhi hiyo ipo bado, nasi ndio tunaoishi nayo.

Mikindani ya zamani ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 bado limesimama. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga, na ili mazao ya Nachingwea yafike baharini ikatakiwa bandari ya kina kirefu Mtwara na reli ya kwenda bara. Reli hulala juu ya kokoto, na gati haisimami bila zege. Mradi ulivunjwa mwaka 1951, bandari ikafunguliwa mwaka 1954, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa na kung'olewa. Mipango ya karanga, meli na treni iliandikwa kwa wingi. Ardhi iliyochimbwa haikupewa nafasi kama hiyo.

Miaka ya karibuni gesi ya Mnazi Bay, saruji, barabara na gati jipya vimeongeza mahitaji ya kokoto, mchanga na moramu. Nyumba zetu nazo zinataka msingi. Hatusemi uchimbaji ukome, maana kijana anayeponda kokoto analisha familia. Tunasema shimo lisilopangwa hujaa maji ya mvua, likazaa mbu, likahatarisha watoto na mifugo, na likala shamba la jirani kila ukingo unapomomoka.

Je, ardhi ya mawe matupu hufufuka? Wenzetu wa pwani ya Kenya wamejibu. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, Mombasa, kilianza kazi mwaka 1954 kikichimba mawe ya matumbawe ya kale, na kikaacha uwanja mweupe usioota hata jani. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26, zikashika tatu tu. Uliotamba zaidi ni mvinje, mti tunaoujua sote, kwa sababu vijidudu vya mizizini mwake huupatia naitrojeni. Majani yake yaliyodondoka hayakuoza, ndipo wakaletwa jongoo wakayala na kuyageuza mboji. Kutoka mboji ikaja miti mingine, kisha ndege na wanyama. Mwaka 1984 watu wakafunguliwa milango. Leo ni Haller Park.

Tujifunze mambo mawili. Kwanza, inawezekana. Pili, Bamburi walianza baada ya udongo kuisha, ikawabidi kuutengeneza upya kwa miaka mingi. Anayepanga mapema hutumia nguvu kidogo. Udongo wa juu hutolewa kwanza na kuwekwa kando, usichanganywe na kifusi. Eneo huchimbwa kwa vipande, na kifusi cha kipande cha pili kikafukia cha kwanza. Kingo huachwa na mteremko, si ukuta. Maji hutengenezewa njia. Mwisho udongo hurudishwa, miti ikapandwa mvua zinapoanza.

Sheria iko upande wetu. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inahesabu kokoto, mchanga na moramu kuwa madini ya ujenzi, na uchimbaji wake unataka leseni. Leseni ya mchimbaji mdogo hudumu miaka saba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inadai ardhi ilindwe. Basi kabla ya shimo jipya kufunguliwa, mkutano wa mtaa una haki ya kuuliza: udongo utawekwa wapi, nani atafukia, na kwa fedha ipi?

Mchango wenu wa mwaka huu tunauombea kazi hiyo: kupima mashimo ya zamani, kuyazungushia uzio yaliyo hatari, na kuotesha miche ya mivinje na mikorosho. Asiye na fedha atoe siku moja ya jembe. Haba na haba hujaza kibaba, na safari hii kibaba chetu ni shimo.

Karibuni tulijaze.