Nakshi ya Ndani ya Gari Katika Nchi ya Gusii

Katika nyanda za juu za Gusii, ambako leo ziko kaunti za Kisii na Nyamira, ufundi wa kupamba mahali pa kukaa ulitangulia gari kwa muda mrefu. Kigoda kilichongwa kutoka pande moja la mti, kisha uso wake ukapigiliwa shanga ndogo za rangi, moja baada ya nyingine, mpaka nakshi ikajaa. Mti ulikuwa wa nyumbani, shanga zilitoka ng'ambo. Kule Tabaka nako, wachongaji wa mawe ya sabuni walijenga ujuzi mwingine: kulainisha kwa msasa na maji, kisha kung'arisha kwa nta hadi rangi iliyofichika ndani ya jiwe, nyeupe, ya waridi au ya kijivu, ijitokeze. Anayetaka kuelewa gari la Gusii la leo na aanzie kwenye desturi hizi mbili, kwa sababu ndizo zilizozoesha macho ya watu kudai umaliziaji mzuri.

Gari lilifuata njia ya utawala wa kikoloni. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na mwaka 1907 Waingereza wakaweka kituo chao Kisii. Mapema mwaka 1908 Otenyo, mpiganaji wa Abagusii, alimchoma mkuki ofisa wao, Northcote, na kisasi kilichofuata kikateketeza nyumba na kuswaga mifugo. Magari yalipoanza kuonekana baadaye, yalikuwa ya mabwana. Ndani yake mlikuwa na mbao na ngozi, urithi wa mafundi wa Ulaya waliokuwa wakijenga magari ya farasi. Ubao mwembamba wa mti wa mjozi, uliopakwa vanishi mara nyingi, ukawa Uingereza alama ya cheo. Lakini mwaka huohuo wa 1907, huko Marekani, Leo Baekeland alikuwa akitafuta hataza ya bakelaiti, plastiki ya kwanza iliyotengenezwa kikamilifu kwa kemia. Tangu hapo njia ilikuwa wazi kwa kitu cha bei nafuu kuvaa sura ya kitu cha thamani, na biashara yote ya mapambo ya gari tunayoijua imepita humo.

Kahawa iliporuhusiwa kwa wakulima Waafrika wa Kisii katika miaka ya 1930, na chai ya wakulima wadogo ilipoenea baada ya uhuru, fedha ziliingia vijijini. Hata hivyo, malori na mabasi yaliyobeba mazao na watu hayakupambwa sana ndani. Benchi la mbao lilitosha.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1973, Rais Jomo Kenyatta alipoyaruhusu matatu, magari ya abiria ya watu binafsi, kubeba abiria bila leseni ya uchukuzi wa umma. Ushindani ukaanza, na ushindani ndio mama wa nakshi. Abiria mwenye magari matatu mbele yake anachagua, na jicho humwamulia kabla hajaijua injini. Pijo 504, iliyounganishwa pia nchini Kenya, ikatawala safari ndefu. Viti vyake vilivyochanika vikawa shule ya mafundi wa sponji, reksini na cherehani. Kazi hiyo ilikaa katika kundi ambalo Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limeliangazia mwaka 1972 katika ripoti yake mashuhuri kuhusu sekta isiyo rasmi ya Kenya, na ambalo Wakenya wenyewe huliita jua kali. Huku Gusii, ambako mashamba yamegawanywa kizazi baada ya kizazi mpaka yakawa vipande, kijana asiye na ardhi ya kurithi aliona katika sindano na gundi riziki ambayo shamba halikuweza tena kumpa.

Miaka ya 1990 soko lilifunguliwa, na magari yaliyotumika Japani yakamiminika kupitia Mombasa. Ndio wakati wa manyanga: rangi nje, muziki mzito ndani, vitambaa vya viti vyenye nembo na maandishi ya kila namna. Kisha, tarehe 1 Februari 2004, kanuni za matatu za Waziri wa Uchukuzi John Michuki zilianza kutekelezwa: mikanda, vidhibiti mwendo, mstari wa manjano ubavuni. Michoro ya nje ikafutwa. Wengi husimulia kanuni hizo kama habari ya usalama, na ni kweli, lakini mimi naona ziliacha pia alama katika ufundi. Nakshi iliyofukuzwa nje ilikimbilia ndani, kwenye dari, milango na dashibodi, mahali ambapo mstari wa manjano haukufika. Hata Rais Uhuru Kenyatta alipotamka hadharani kwamba vijana waachwe wachore, ndani ya gari palikuwa tayari pamekuwa uwanja kamili wa sanaa.

Gari linaloonyesha haya yote kwa Gusii ni Toyota Probox, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2002. Ilibuniwa kwa ajili ya kazi za kampuni: plastiki ngumu ya kijivu, kimeza cha kuvuta kwenye dashibodi, kiti cha nyuma chembamba kilichosimama wima. Haikukusudiwa kumstarehesha abiria. Katika barabara ya Kisii, Nyamira hadi Chemosit, na ile ya Keroka, ndiyo inayobeba mwalimu, mgonjwa na gunia la mboga, mara nyingi kwa kuzidisha kiwango. Kumgeuzia abiria gari la mizigo, hiyo ndiyo kazi ya fundi. Anaongeza sponji, anashona ngozi bandia kwa mshono wa almasi, anabandika karatasi yenye sura ya mbao au ya nyuzi za kaboni. Mwaka 1981 McLaren ilitumia nyuzi hizo kujenga kiunzi cha gari la mbio za Formula 1 kwa sababu ya wepesi na uimara. Sasa sura yake peke yake inauzwa kwa mita.

Ubora wa kazi hii huamuliwa na maandalizi. Plastiki isipofutwa mafuta vizuri, gundi huachia. Karatasi ipashwe moto kiasi, ivutwe polepole penye kona, ikatwe bila kuukwaruza mwili wa dashibodi. Kuna jambo moja ambalo mafundi wanapaswa kulishikilia bila kulegea: kifuniko cha mfuko wa hewa hakibandikwi kitu wala kushonewa, na kiti chenye mfuko ubavuni hakivikwi kitambaa kinachoubana. Manyoya ya rangi nyepesi juu ya dashibodi nayo huweza kuakisi kwenye kioo cha mbele na kumsumbua dereva.

Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, Probox zenye dashibodi iliyobadilishwa mwaka 2014 ndizo zinazofika sasa, na vielelezo vya kadibodi ambavyo mafundi hukatia karatasi, vilivyopimwa kwa gari la zamani, haviingii tena. Mafundi wanapima upya, kona kwa kona, na kukata vipya.